Mzee wa Sikinde na manyanga yasiyosikika

Nchi hii ina watu wa Msondo na watu wa Sikinde, kama ilivyo na watu wa Yanga na watu wa Simba, na baba yangu mkubwa atakuambia kwamba asiye upande wowote hajui muziki. Yeye ni wa Sikinde. Alianza bendi ilipoanza, mwaka 1978, akiwa kijana wa mashine ya kukoboa mpunga hapa Ifakara, na sasa amevuka miaka 70 akiwa bado ni wa Sikinde. Ukitaka kusahau shida zako mwulize swali moja tu: kati ya Gurumo na Bitchuka, nani zaidi? Kisha vuta kigoda, kwa sababu hutaondoka kabla ya magharibi.

Safu ya wiki hii inamhusu yeye. Amenipa ruhusa kwa masharti mawili, kwamba nisitaje jina lake na nisiandike popote kuwa Msondo ni bora. Msomaji aliyezoea kukuta hapa chanjo, uji wa lishe na homa za watoto avumilie kidogo. Kwenye afya tutafika, ila njia inapita dansini.

Historia anaisimulia hivi. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz, na wanamuziki wakawa waajiriwa wenye mshahara. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ikabadili: ikawa JUWATA, baadaye OTTU, na mwisho ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Mwaka 1978 Muhidin Maalim Gurumo akatoka huko na kuungana na akina Abel Balthazar na Cosmas Chidumule, ikazaliwa Mlimani Park Orchestra. Michael Enoch, aliyejijengea jina katika Dar es Salaam Jazz, akawa ndiye mpangaji wa muziki. Mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC, na ukumbi wa DDC Kariakoo ukawa nyumbani kwao. Mtindo wakauita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo.

Hapo huwa kuna mtu barazani anayemchokoza: wewe mtu wa mkoa wa Morogoro, unashabikiaje ngoma ya Wazaramo wakati kwetu tulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe? Jibu lake analo mfukoni. Salum Abdallah alikufa kwa ajali mwaka 1965, yeye akiwa mtoto. Mbaraka alikufa kwa ajali Mombasa, Januari 1979. “Tulibaki yatima. Sikinde wakatulea.” Mimi jibu hili nalikubali. Watu wengi wa bonde la Kilombero walipata bendi zao kwa njia hiyohiyo, kupitia Radio Tanzania, kwa betri zilizoanikwa juani ili zisukume wiki moja zaidi. Santuri za bendi hizi zilikuwa adimu. Bendi ilirekodi studio ya redio Dar es Salaam, na ukitaka kuusikia wimbo ulisubiri redio iupige.

Sasa tuingie kwenye maoni yake, maana anayo mengi na si yote ya kudharau.

La kwanza ni kwamba Sikinde iliyo kamili ni ile ya kabla ya mwaka 1985. Mwaka huo Gurumo, Balthazar na wenzao walichukuliwa na Orchestra Safari Sound, wakaanzisha mtindo wa Ndekule, na mzee analizungumza jambo hilo kama mtu anavyozungumzia shamba lililouzwa na ndugu. Mimi naona anawaonea waliobaki, kwa sababu bendi haikufa, iliendelea kutoa nyimbo na watu waliendelea kujaa Kariakoo. Lakini ukimwambia hivyo anakuuliza ulizaliwa lini.

La pili ni kwamba wimbo wa dansi una nusu mbili na aliyekupa nusu moja amekuibia. Hapa niko upande wake kabisa. Nusu ya kwanza ni ya hadithi: waimbaji wanapokezana polepole, magitaa yanasukana, tarumbeta zinaitikia. Halafu wimbo unageuka, mwendo unapanda, maneno yanapungua, na vyombo vinaachiwa. Wenyewe huita chemko. Watangazaji wa siku hizi wanaukata wimbo pale hadithi inapoisha, unapotaka kuchemka wanaweka tangazo la mkopo. Mzee anasema ni sawa na kumwalika mtu wali ukampa harufu.

La tatu, Bitchuka akipanda juu hakuna wa kumfuata. La nne, Chidumule angeimba ule wimbo wa Neema tu na kunyamaza maisha yote, bado angestahili heshima. Baadaye aligeukia nyimbo za injili na mzee, ambaye ni Mwislamu, amemsamehe. La tano ni kwamba nyimbo za Sikinde zilikuwa ukurasa wa familia kabla sisi hatujapewa ukurasa wa familia: talaka za hasira, wivu, mke na mume wanaogombana usiku. Kuna wimbo wao unaitwa Majirani Huzima Redio, na jina linajieleza: huko chumbani mkianza kelele, jirani hupunguza sauti ya redio ili asikie vizuri zaidi.

Nyumbani kwa mzee mambo yamegeuka. Majirani wangependa sana redio izimwe, lakini ni yake.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Kwa miaka kama minne hivi amekuwa na oni la sita, na kila nikija Ifakara linazidi kuwa kali. Anasema waimbaji wa sasa hawatamki. Si wa bongofleva tu, hata wa dansi, hata vijana walioingia katika bendi hizohizo kongwe. Wanamung’unya, anasema, kama watu wenye ugali mdomoni, wakati wazee wa zamani ulisikia kila silabi. Pili, anasema nakala za nyimbo za zamani zilizowekwa kwenye memori kadi zimeharibiwa. Kuna mtu amezichuja. Manyanga hayamo. Visahani vya dramu havimo. Limebaki besi na tumba tu.

Mke wake, mama mkubwa, ambaye kwa bahati mbaya ya ndoa hiyo ni mtu wa Msondo, alikuwa akisikiliza haya akipeta mchele. Akaniambia bila kuinua kichwa: “Manyanga yamo. Mimi nayasikia.”

Nilichukua simu yangu nikapiga wimbo uleule kutoka kwenye kadi ileile. Manyanga yalikuwamo, tangu mwanzo mpaka mwisho, yanachakacha kama mpunga kwenye ungo. Mjukuu wa darasa la pili akayasikia. Mzee akainamisha sikio mpaka kwenye spika na kusema hakuna kitu.

Ndugu mzazi, nieleze hapa kinachotokea, maana huenda na kwako yumo mzee wa namna hii, au humo mwako mwenyewe. Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu iliyojikunja kama nyumba ya konokono, na humo mna chembe hai zenye vinyweleo vidogo sana. Sauti ikiingia vinyweleo hivyo hutikisika, na mshipa wa fahamu hupeleka habari kwenye ubongo. Chembe za mlangoni mwa konokono hupokea sauti nyembamba za juu: manyanga, ndege, kengele ya baiskeli. Za ndani zaidi hupokea sauti nzito kama besi. Umri na kelele huanza kuziua zile za mlangoni. Na chembe hizo kwa binadamu zikifa hazioti tena.

Kwa hiyo mtu anayepoteza usikivu kwa njia hii haoni giza la ghafla. Anasikia besi, anasikia lori, anasikia adhana, anasikia akiitwa. Kinachotoroka ni sauti nyembamba, na katika maneno yetu sauti nyembamba ni zile za s, sh, f, t, ch. Irabu zinabaki. Sasa chukua maneno shika, fika, pika. Ukiondoa herufi za mwanzo umebaki na “ika” mara tatu. Mtu amesikia kwamba umesema, hakusikia ulichosema, na kwake yeye kosa ni lako: unamung’unya.

Mbona basi wazee wa zamani anawasikia kila silabi? Kwa sababu hawasikii, anawakumbuka. Nyimbo za mwaka 1980 ziko kichwani mwake neno kwa neno, ubongo unajaza pengo kabla hajajua kama kuna pengo. Wimbo mpya haumo kichwani, pengo linabaki wazi, na Sikinde ya leo inahukumiwa kwa kosa ambalo haikulitenda. Nilipomweleza hivi alinyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akinyamaza. Kisha akasema bado Sikinde iliyo kamili ni ile ya kabla ya 1985.

Chanzo cha hali yake sitakitangaza kama mtu aliyekuwapo. Umri upo. Lakini alikaa miaka zaidi ya ishirini pembeni ya mashine ya kukoboa, kutwa nzima katika msimu, na redio akaiweka juu ya gunia na kuifungulia mpaka ishindane na mashine. Kuna kipimo kisichohitaji kifaa: ikiwa mtu aliye umbali wa mkono mmoja hawezi kukusikia mpaka upaze sauti, kelele hiyo inakudhuru. Mashine zetu za mpunga, za mbao na za kusaga unga zinapita hapo, na vijana wanaozisimamia leo hawana hata kipande cha sponji masikioni. Viziba masikio ni vitu vya bei ndogo. Ninapouliza kwa nini havivaliwi naambiwa mtu atazoea. Ni kweli anazoea, na kuzoea kwenyewe ndiyo dalili.

Wazee wa rika lake hutaja pia kwinini, na hawakosei kabisa, kwani wengi hapa bondeni walidungwa mara nyingi kabla ya dawa mseto. Dawa hiyo huvumisha masikio, ingawa mara nyingi mvumo hupita dawa ikiisha. Zipo dawa nyingine, kama streptomaisini na jentamaisini, zinazoweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Hazitolewi bila sababu, na mgonjwa haachi dawa kwa kusoma gazeti. Lakini masikio yakianza kulia ukiwa katika dozi, sema siku hiyohiyo.

Nyumba hiyohiyo ina sikio la pili lenye shida, na kwa ukurasa huu ndilo kubwa zaidi. Mjukuu yule aliyesikia manyanga aliyasikia kwa sikio la kulia. La kushoto lilikuwa likitoa usaha, linakauka, linatoa tena, tangu hajaanza shule. Mwalimu alimwandikia mama yake kwamba mtoto ni mkaidi. Akiitwa upande mmoja anaitika, upande mwingine anaendelea na mambo yake. Bibi zake kwa zamu walimtia maziwa ya mama, mafuta ya nazi ya uvuguvugu, na maji ya majani ambayo sitayataja nisije nikayauzia soko.

Usaha unaotoka sikioni zaidi ya wiki mbili maana yake mara nyingi ni kwamba ngoma ya sikio imetoboka. Chochote unachomimina kinapita kwenye tundu na kuingia ndani, kikibeba vijidudu. Maziwa ni chakula cha mtoto, na ni chakula cha vijidudu vilevile. Kinachotakiwa ni sikio kukaushwa kwa kitambaa safi cha pamba kilichosokotwa, bila kuchokonoa, na matone ambayo mhudumu wa afya ameyaandika baada ya kuangalia ndani kwa kifaa chake. Wakati huo hakuna kuogelea. Najua ninachosema ni kigumu kwa mtoto wa Ifakara mwenye Mto Lumemo na mifereji ya mpunga, lakini maji hayo ndiyo yanayorudisha usaha kila unapodhani umekwisha. Na mzazi akiona uvimbe nyuma ya sikio, homa kali, au uso unapinda upande mmoja, asisubiri asubuhi.

Shirika la Afya Duniani linasema takribani asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unazuilika. Sababu zenyewe tunazijua kwa majina ya mtaani: sikio la usaha, surua, homa ya uti wa mgongo, manjano kali ya kichanga iliyoachwa. Chanjo ya surua ni ya masikio pia, na chanjo ya nimonia, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013, inakinga vijidudu vinavyoleta usaha sikioni na homa ya uti wa mgongo. Mtoto mchanga asiyeshtuka mlango ukibamizwa, au wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa jina, apelekwe akapimwe mapema. Tangu mwaka 2017 Muhimbili wanapandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto waliozaliwa hawasikii, lakini jambo hilo lina umri wake. Ubongo ukishapita miaka ya kujifunza lugha, kifaa hakiwezi kuirudisha miaka hiyo.

Hedifoni nazigusa kwa kifupi, maana kila mzazi ananiuliza. Kiwango kinachotajwa kuwa salama kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipanda hadi 90 zinabaki saa nne tu, kwa wiki nzima, na simu nyingi zikifunguliwa mpaka mwisho zinavuka hapo. Usivuke asilimia 60 ya sauti ya simu. Ikiwa wewe uliyekaa pembeni ya mtoto unausikia wimbo wake, umepita kiasi. Sikinde wana wimbo unaoitwa Mtoto Akililia Wembe, na wahenga walishamalizia kwamba apewe. Kwa hili nawakatalia wahenga.

Mzee na mjukuu walikwenda hospitali siku moja, kwa bajaji moja, mwezi huohuo. Ilisaidia kwamba mzee aliambiwa anampeleka mtoto. Mtoto alipewa matone na baada ya majuma kadhaa sikio likakauka, na tundu linaangaliwa kama litajifunga lenyewe. Mama yake alimwandikia mwalimu barua, akaomba mtoto akae mbele, upande ambao sikio zima linamwelekea mwalimu. Mzee alitolewa nta nyingi, akafurahi akidhani yamekwisha, kisha akapimwa kwa mashine na mchoro ukaonyesha mstari unaoteremka kama barabara ya Mahenge: sauti nzito ziko juu, nyembamba ziko bondeni. Masikio yote mawili.

Ameandikiwa kifaa cha kusaidia kusikia na hajakubali wala kukataa. Aliuliza kama kitamrudishia manyanga. Mtaalamu alimjibu kwa unyofu, na ninamheshimu kwa hilo: kifaa kimetengenezwa kwanza kwa ajili ya mazungumzo, kitamsaidia amsikie mkewe na wajukuu, lakini muziki huweza kusikika mkavu au wa bati, na huchukua miezi ubongo kukizoea. Mzee akasema basi kwanza atafikiri. Mama mkubwa akasema ikiwa kitu cha kufikiriwa ni kumsikia yeye, afikirie haraka.

Hasira yake naielewa. Miaka hii minne mzee amekuwa akijitoa barazani polepole. Watu waliona ni kiburi cha uzee, kumbe mahali penye watu watano wanaosema kwa pamoja haambulii kitu, na ni afadhali abaki nyumbani na nyimbo anazozijua. Watafiti wameuhusisha upotevu wa usikivu na upweke na kusahausahau kwa wazee. Katika nyumba ile havikuhitajika vitabu. Mwaka 2014 Gurumo alipofariki, mzee alikaa barazani siku tatu akisimulia. Mwaka 2017 Shaaban Dede alipofariki, alisimulia kidogo. Siku hizi akisikia msiba wa mwanamuziki huwa ameandikiwa kwenye karatasi.

Wakati akiendelea kufikiri, wamewekeana taratibu. Anayezungumza naye anamkalia mbele, kwenye mwanga, asiseme akiwa jikoni wala amegeuka. Hapigiwi kelele, kwa sababu kelele inaongeza irabu tu. Anaambiwa taratibu, kwa maneno mengine kama ya kwanza hayakushika. Na redio, kwa ajili ya majirani na masikio ya mjukuu, imewekewa kikomo: mama mkubwa alichukua rangi ya kucha nyekundu akachora mstari kwenye kitufe cha sauti, na mjukuu ndiye fundi mitambo wa kuhakikisha hakivuki hapo. Mzee anautii, ila kila mgeni anayefika anamwonyesha mstari ule na kumweleza kwamba umechorwa na mtu wa Msondo.